Kwa nini gari ya 505 inatoa kumi na ya 116 haitoi

Kila baada ya miezi michache swali lile lile hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp: 8 ÷ 2(2 + 2) ni ngapi? Haipiti nusu saa grupu limeshapasuka. Huku wapo wa 16, kule wapo wa 1, na katikati yupo mtu anayewalaumu walimu wa siku hizi. Pembeni kuna mchezo mwengine ulio mpole zaidi, ule wa kuchukua namba ya gari na kuzilazimisha tarakimu zake zitoe kumi. Huo nao haukosi makelele. Mmoja anaapa kuwa 309, daladala ya Jambiani, inatoa kumi, aliyekaa naye siti moja anasema haitoi hata uibane vipi.

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Hesabu yenyewe hawakosani. Wanachokosania ni kanuni ambazo hakuna aliyezitaja kabla ya kuanza, na ndiyo maana mabishano haya hayamaliziki kwa kupigiana simu wala kwa kumwita mwalimu.

Tuanze na maneno. Tarakimu ni zile alama kumi, kuanzia 0 mpaka 9. Namba huandikwa kwa tarakimu, kwa hiyo 324 ni namba moja yenye tarakimu tatu: 3, 2 na 4. Mchezo wetu unaivunja namba, unazichukua tarakimu zake na kuziunga upya kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, mpaka zifike kwenye namba iliyokubaliwa tokea mwanzo. Hiyo iliyokubaliwa nitaiita lengo, na lengo letu hapa ni 10. Mabano ni ruhusa, weka unavyotaka.

Kanuni za msingi ninazotumia ni hizi. Kila tarakimu lazima itumike, na itumike mara moja tu. Unaweza kuzipangua, si lazima zifuatane kama zilivyoandikwa. Hairuhusiwi kubandika tarakimu mbili zikawa namba moja, yaani 3 na 2 zisigeuke 32. Hizi hazikushuka kutoka mbinguni. Mkitaka kuzibadilisha zibadilisheni, ila iwe kabla mtu hajatoa jibu, maana baada ya hapo kila mtu anaitaka kanuni inayomnufaisha yeye.

Unguja tumejaaliwa uwanja mzuri wa kuuchezea. Vibao vya gari zetu vina herufi Z, tarakimu tatu, kisha herufi mbili. Juu ya hayo daladala zina namba za njia, zimeandikwa mbele kwenye paji la gari, na watu huzitaja kama majina: "nimepanda 502", "ngoja 505". Ndiyo hizo nitakazozitumia.

505, gari ya Uwanja wa Ndege, ni ya watoto wa darasa la kwanza: 5 + 0 + 5 = 10. 118 ya Matemwe nayo haikupi tabu: 1 + 1 + 8. 502 ya Bububu inataka ufikiri kidogo, (5 + 0) × 2. Uroa ni 214, na hapo mabano yanafanya kazi kweli: 2 × (1 + 4). Bila ya mabano ungepata 2 × 1 + 4, ambayo ni 6.

Ninayoipenda kuliko zote ni 324 ya Bwejuu. Inatoa kumi kwa mpangilio wake ule ule ilivyoandikwa, 3 × 2 + 4. Ukiipangua inatoa tena kwa njia nyengine kabisa: 4 × 3 − 2. Watu wengi hudhani chemshabongo ina jibu moja lililofichwa mahali, na mwenye kulipata kwanza amefunga mjadala. Si hivyo. Namba nyengine zina njia nyingi, nyengine zina moja, nyengine hazina.

Sasa andika jibu la Bwejuu kwa kuanza na 4: 4 + 3 × 2. Mpe mtu kalkuleta ndogo ya dukani, zile za kupigia hesabu za mchele na sukari, abonyeze kama ilivyo. Nyingi zitatoa 14. Ile iliyomo ndani ya simu itatoa 10. Si kwamba moja ni mbovu. Ya dukani inapiga kila tendo papo hapo linapoingia: nne ongeza tatu, saba, mara mbili, kumi na nne. Ya simu inasubiri mpaka uandike yote, kisha inafuata mpangilio wa matendo ambao dunia imekubaliana. Na hapo ndipo tunapokutana na MAGAZIJUTO.

MAGAZIJUTO na nusu yake inayouma

Aliyepita skuli Tanzania hana haja ya kufafanuliwa: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Waliosoma hesabu kwa Kiingereza wana BODMAS yao, ambayo inafuata mpangilio huo huo, ila imeingiza na vipeo, ambavyo nitavieleza mbele. Ni neno zuri la kukumbukia. Tatizo ni kwamba limepangwa kwa mstari, na mtu akilisoma kwa mstari anaona ngazi tano, kila moja juu ya mwenziwe. Ngazi ni tatu tu. Kwanza mabano. Pili kuzidisha na kugawanya, ambazo ziko sawa, na zikikutana unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia. Tatu kujumlisha na kutoa, nazo sawa, nazo kushoto kwenda kulia.

Je, mtu akilifuata neno hilo kikasuku, kagawanya kwanza kabla ya kuzidisha, ataharibikiwa? Hapana, na hili huwashangaza wengi. Chukua 6 × 4 ÷ 2. Ukienda kushoto kulia: 24 ÷ 2, ni 12. Ukianza kugawanya: 6 × 2, ni 12. Na itakuwa hivyo siku zote, kwa sababu kuzidisha kisha kugawanya au kugawanya kisha kuzidisha kunakufikisha pale pale. Kwa hiyo GA kabla ya ZI haina madhara.

JU kabla ya TO ndiyo inayouma. Tazama 10 − 3 + 2. Anayejumlisha kwanza anapata 10 − 5, yaani 5. Lakini fikiria una elfu kumi, ukatoa elfu tatu ya nauli, halafu mtu akakurudishia elfu mbili aliyokuwa akidaiwa. Mfukoni una elfu tisa. Hakuna mtu mzima atakayekubali kuwa ana elfu tano, ila mtu huyo huyo akiliona swali kwenye karatasi anaandika 5 na kusema "ndiyo MAGAZIJUTO".

Kwenye mchezo wetu hili hutokea sana. Gari imepita, kibao ni Z 725 na herufi zake. Mtoto anasema: saba, toa mbili, ongeza tano, kumi! Na kweli, 7 − 2 + 5 = 10. Mkubwa wake anamkatalia: jumlisha kwanza, mbili na tano saba, saba toa saba ni sifuri. Mtoto ananyamaza kwa adabu, na adabu yenyewe imemfundisha hesabu ya uongo.

Turudi kwenye lile swali la WhatsApp, maana sasa zana tunazo. 8 ÷ 2(2 + 2). Mabano kwanza, tunabaki na 8 ÷ 2(4). Wa 16 wanasema: hapo kuna kugawanya na kuzidisha, ziko sawa, nenda kushoto kulia, 4 × 4. Wa 1 wanasema: ile 2 imegandana na mabano bila alama yoyote katikati, kwa hiyo ni kitu kimoja, kama vile katika aljebra 2x ni kitu kimoja, gawanya 8 kwa 8. Hawa wa pili hawajatunga. Vipo vitabu na majarida ya sayansi vinavyosoma hivyo, na hata kalkuleta za kisayansi za kampuni tofauti hutoa majibu tofauti kwa swali hili moja. Mwaka 2019 lilizunguka Twitter dunia nzima na likawagawa watu wa kila nchi vile vile lilivyogawa magrupu yetu.

Msimamo wangu: ukilifuata sharti la kushoto kulia bila nyongeza, ni 16. Lakini swali limeandikwa vibaya, na nina wasiwasi limeandikwa vibaya makusudi. Mtu anayetaka aeleweke huandika (8 ÷ 2) × (2 + 2), au anaiweka 8 juu ya mstari wa sehemu na yaliyobaki chini yake, na hapo hakuna wa kubishana naye. Ukiletewa tena swali hilo, mwambie aliyeleta aongeze mabano, uendelee na shughuli zako.

Kutopata na kutowezekana

Kuna maneno mawili ambayo kwenye mchezo huu huchanganywa kila siku: "sijaipata" na "haiwezekani". La kwanza linahusu wewe. La pili linahusu namba, na linahitaji ushahidi.

Ushahidi wa rahisi kabisa uko kwenye 310 ya Makunduchi. Tarakimu ni 3, 1 na 0. Jaribu kuzifikisha mbali iwezekanavyo. Zote ukizijumlisha ni 4. Kuzidisha kwa 1 hakuongezi kitu, kuzidisha kwa 0 kunaua, kutoa kunapunguza, kugawanya kwa 1 kunaacha vile vile, na kugawanya kwa 0 hakupo. Huwezi kupita 4. Basi kumi haifikiwi, na hatukuhitaji kujaribu kila njia. Tumeona tu kwamba dari liko chini.

116 ya Nungwi ni kesi nyengine. Dari lake liko juu, kwa sababu 6 × (1 + 1) ni 12, imeshapita kumi. Kwa hiyo hoja ya dari haitusaidii, tunalazimika kupekua. Habari njema ni kwamba kwa tarakimu tatu upekuzi si mkubwa. Kuna namna 6 za kuzipanga, namna 16 za kuchagua matendo mawili, na namna 2 za kuweka mabano: 6 × 16 × 2 = 192. Hiyo ndiyo idadi ya juu kabisa, na hapa nyingi zinajirudia kwa sababu kuna 1 mbili.

Njia fupi ni kujiuliza ni tarakimu zipi mbili zinaanza kukutana. Zikianza 1 na 1, unapata 2, au 0, au 1. Peleka 2 ikakutane na 6: 8, 4, 12, 3, theluthi moja, au −4 ukigeuza kutoa. Peleka 0: 6, −6 au 0. Peleka 1: 7, 5, −5, 6 au sehemu moja ya sita. Zikianza 1 na 6, unapata 7, 5, −5, 6 au sehemu moja ya sita. Kila moja ya hizo ikutane na ile 1 iliyobaki. 7 inatoa 8, 6 na 7. 5 inatoa 6, 4 na 5. 6 inatoa 7, 5 na 6. Hasi tano na ile sehemu ya sita hazipandi juu ya 6. Mengine yaliyobaki ni hasi au vipande vya chini ya moja. Tumemaliza nyumba nzima, chumba kwa chumba, na 10 haimo. Wala 9. Wala 11.

Sasa unaweza kusema haiwezekani kwa kifua. Huo ni uthibitisho kamili wa kihesabu, wa aina ile ile wanayoifanya wanahisabati, na umefanyika kwa kalamu ndani ya daladala. Nadhani hiki ndicho kipande bora cha mchezo wote, na ndicho kinachorukwa zaidi, kwa sababu watu wanakimbilia majibu yanayotoka.

Kutokana na hayo utaona pia kosa la wanaodhani sifuri na moja ni tarakimu za kusaidia kwa kuwa ni "nyepesi". Ni kinyume chake. Zinapunguza njia. Sifuri hujumlishi chochote, na moja huzidishi chochote. Tarakimu za kati, kama 2, 3, 4 na 5, ndizo zinazofungua milango.

Ukiongeza zana

Turudi kwa wale wawili wa 309. Kwa matendo manne Jambiani haitoki: 3 na 9 zinakupa 12, 6, 27, 3 na ndugu zao, na 0 inaziacha vile vile au inazifuta. Aliyesema haitoi alikuwa anacheza kwa kanuni za msingi.

Mwenziwe alikuwa anatumia kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu inayosema namba kubwa ijizidishe mara ngapi. 3² ni 3 × 3. 3³ ni 3 × 3 × 3. Sasa 3⁰? Hapa watu wengi hujibu 0 haraka haraka. Tazama mteremko: 3³ ni 27, 3² ni 9, 3¹ ni 3. Kila ukishuka ngazi moja unagawanya kwa 3. Shuka tena: 3 ÷ 3 = 1. Kwa hiyo 3⁰ ni 1, na 3⁰ + 9 = 10. Imetoka, na kwa mpangilio wake uleule.

326 ya Kizimkazi ni ngumu zaidi. Haitoki kwa matendo manne, na nimeipekua. Inatoka kwa faktoria, alama ya mshangao inayowekwa baada ya namba, ambayo maana yake ni kuizidisha namba hiyo na zote zilizo chini yake mpaka 1. Basi 3! ni 3 × 2 × 1, yaani 6. Na 3! − 2 + 6 = 10. (Angalia tena ile JU na TO: ukianza na 2 + 6 umeharibu.) Wanahisabati wamekubaliana vile vile kuwa 0! ni 1, na hilo linaifungua 308 ya Unguja Ukuu: 3 − 0! + 8.

Mpaka wapi? Kila zana unayoongeza inaokoa namba kadhaa na inapunguza utamu kidogo. Hili lilijulikana zamani. Mwaka 1881 jarida moja la London lililoitwa Knowledge lilichapisha chemshabongo ya nne nne: tumia 4 nne tu utengeneze namba nyingi uwezavyo. Moja ni 44 ÷ 44. Tatu ni (4 + 4 + 4) ÷ 4. Kumi, lengo letu, ni (44 − 4) ÷ 4, maana wao waliruhusu kubandika. Watu walihangaika nayo kwa miongo, kila mmoja akijisifu amefika mbali zaidi. Halafu mwanafizikia Paul Dirac akaonyesha kwamba ukiruhusu vipeuo vya pili vilivyopangwa kimoja juu ya chengine pamoja na logi (tendo la kutafuta kipeo), unaweza kutengeneza namba nzima yoyote ile kwa 2 tatu tu, kwa fomula moja. Mchezo ukawa umekufa kwa kanuni hizo, kwa sababu jibu linajulikana kabla ya swali. Ndiyo maana mimi hubaki na matendo manne, na kipeo nakitoa kwa wageni tu.

Tarakimu nne na hofu ya sehemu

Wajapani hucheza mchezo huu huu wa kumi kwa tarakimu nne, kwa kuwa namba za gari zao zina tarakimu mpaka nne. Sisi tunaweza kuchukua nne za mwisho za namba ya simu. Mambo yanabadilika sana. Njia zilizokuwa 192 zinafika 7,680. Ukizihesabu tarakimu nne bila kujali mpangilio, kuna mafungu 715, na 552 kati yake yanatoa kumi kwa matendo manne. Na kuna jambo la ajabu zaidi: tarakimu nne zikiwa tofauti zote na hakuna sifuri, mafungu hayo ni 126, na yote yanatoa kumi. Hakuna hata moja linalogoma.

Ila mengine yanakutoa jasho. Maarufu kwa ukorofi ni 3, 4, 7 na 8. Ukizungusha namba nzima nzima utakesha. Siri ni kuanza mwisho. Lengo ni 10, nina 8 mkononi. 8 izidishwe kwa ngapi ifike 10? Kwa 10 ÷ 8, ambayo ni robo tano, 5/4. Basi natafuta 5/4 kutoka kwenye 3, 4 na 7. Chini kuna 4, kwa hiyo 7 ÷ 4 inanukia: robo saba. Tatu ni robo kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba, tano. Imekwisha: 8 × (3 − 7 ÷ 4) = 10.

Watu wengi wakifika kwenye sehemu wanageuza njia, wakidhani wamepotea. Skuli zimetuzoesha kwamba jibu likija na sehemu pengine umekosea mahali. Kwenye mchezo huu sehemu ni njia ya kupita tu, si pa kukaa. Mfano wa pili ni 1, 1, 5, 8. Moja toa moja ya tano ni nne ya tano. Gawanya 8 kwa nne ya tano: unapata 10. Yaani 8 ÷ (1 − 1 ÷ 5). Na hapa linaanguka lile wazo jengine, kwamba kugawanya lazima kupunguze. Ukigawanya kwa kitu kilicho chini ya moja, unapanda. Lita nane za mafuta kwenye chupa za lita moja zinajaza chupa nane. Kwenye chupa zenye ujazo wa nne ya tano zitajaza kumi.

Wachina wana ndugu wa mchezo huu unaochezwa kwa karata, lengo likiwa 24 badala ya 10, na mwaka 1988 Robert Sun aliutoa Marekani ukiwa na kadi zake maalumu. Anayetaka mateso ajaribu 3, 3, 8, 8 kwa lengo la 24. Ni sehemu tena, na sitoi jibu.

Kabla sijaacha kalamu, iko aina moja ya namba ambayo inafaa kuitolea macho barabarani. Badala ya kufika kumi, tarakimu zake zinaitengeneza namba yenyewe. 343 ni (3 + 4)³. 736 ni 7 + 3⁶. 127 ni 2⁷ − 1. Zinaitwa namba za Friedman, kwa jina la mwanahisabati wa Marekani Erich Friedman. Chini ya elfu moja si nyingi, kwa hiyo ukiona kibao cha Z 343 kinakupita pale Darajani una haki ya kumgutua uliyekaa naye.

Za kuchezea nyumbani: 501 ya Amani na 509 ya Chukwani, zote mbili zinatoka ukiongeza zana moja niliyoitaja hapo juu, na si zana ile ile. Kwa matendo manne peke yake, chukua 1, 1, 9, 9. Wa 8 ÷ 2(2 + 2) nao wamo, lakini waandike mabano kwanza.